Nanochembe za Metali na Kidonda cha Lishmania: Sayansi, Istilahi na Mipaka ya Neno "Kuponya"

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa Kiswahili utafiti unaohusu matumizi ya nanochembe za metali katika kutibu lishmania ya ngozi, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi. Yanaeleza asili ya ugonjwa, historia ya dawa za metali, jinsi nanochembe zinavyofanya kazi na vikwazo ambavyo bado havijavukwa. Aidha, yanajadili uteuzi wa istilahi zinazohitajika ili maarifa haya yamfikie msomaji wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba vitenzi "kuua", "kutibu" na "kuponya" huwakilisha hatua tatu tofauti za utafiti, na kwamba mwandishi anayevichanganya anaweza kumdhuru mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi mara nyingi huishia katika orodha za istilahi. Maneno huorodheshwa, yakalinganishwa na ya Kiingereza, kisha hukumu ikatolewa kwamba lugha inatosha au haitoshi. Ni nadra mada moja ya kisayansi kuchukuliwa na kufuatwa kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, ili ionekane ni wapi lugha inatiririka na ni wapi inakwama.

Makala haya yanajaribu kufanya hivyo. Mada ya nanochembe za metali na lishmania ya ngozi imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa wenyewe upo nchini Kenya na wengi wa wanaougua huishi vijijini, mbali na maabara. Pili, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilichapishwa wakati nanoteknolojia ilipokuwa ingali changa. Kwa hivyo, anayeandika kuhusu mada hii leo analazimika kufanya maamuzi ya kiistilahi yeye mwenyewe.

2.0 Ugonjwa na Majina Yake

Lishmania ni jina la kundi la vimelea wa seli moja. Neno "kimelea" lenyewe linaeleza mengi. Limetokana na kitenzi "mea" katika kauli ya kutendea: kimelea ni kiumbe kinachomelea juu ya kingine na kula kwacho. Zaidi ya spishi 20 za vimelea hawa huwaambukiza binadamu, nao huenezwa na usubi jike anapofyonza damu. Jina la lishmania lilitokana na daktari Mskoti, William Leishman, ambaye pamoja na Charles Donovan walitangaza kuviona vimelea hivi mwaka 1903.

Ugonjwa huu una sura tatu kuu. Ya kwanza ni kalaazari, ambayo hushambulia wengu, ini na uboho, na ambayo huua isipotibiwa. Nchini Kenya inajulikana sana Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Ya pili hushambulia ngozi na kuacha vidonda. Ya tatu hula utando wa pua na kinywa. Makala haya yanahusu ile ya pili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu kati ya 600,000 na 1,000,000 hupata lishmania ya ngozi kila mwaka ulimwenguni. Nchini Kenya imeripotiwa katika Mlima Elgon, ambako pimbi waishio mapangoni huhifadhi vimelea, na vilevile Laikipia, Baringo na sehemu za Nakuru, hasa Gilgil.

Kidonda huanza kama kipele kidogo mahali usubi alipouma, mara nyingi usoni, mikononi au miguuni. Kipele hukua, hupasuka katikati na kuwa kidonda chenye kingo zilizoinuka. Kwa kawaida hakiumi sana, na ndiyo sababu wengi hukipuuza. Vidonda vingi hatimaye hupona vyenyewe baada ya miezi kadhaa au zaidi ya mwaka, lakini huacha kovu la kudumu. Msichana mwenye kovu kama hilo shavuni huweza kulibeba maishani pamoja na minong'ono ya watu. Kwa hiyo, ingawa sura hii ya lishmania haiui, haifai kuitwa ugonjwa mdogo.

Watu wa mataifa mbalimbali wameutazama mwenendo huu na kuupa ugonjwa jina. Waajemi hukiita kidonda hiki "salak", jina lililojengwa juu ya neno lenye maana ya mwaka. Waturuki nao wana jina lenye maana ya "jipu la mwaka". Majina hayo yanabeba maarifa ya kitabibu: yanamwambia mgonjwa kwamba kidonda kitakaa naye muda mrefu, kisha kitaondoka. Katika Kiswahili, kidonda kikubwa kisichopona upesi huitwa "donda ndugu". Hata hivyo, jina hilo hutumiwa kwa vidonda vya namna nyingi visivyosababishwa na lishmania, na kwa hivyo halifai kuwa istilahi. Makala haya yanatumia "kidonda cha lishmania".

3.0 Dawa ya Metali si Jambo Geni

Msomaji anaweza kushangaa kusikia kwamba metali inaweza kuwa dawa. Ukweli ni kwamba dawa iliyotumika kwa muda mrefu zaidi dhidi ya lishmania hutokana na antimoni, elementi iliyo katika mpaka kati ya metali na visivyo metali. Mwaka 1912, Gaspar Vianna wa Brazili alieleza matumizi ya chumvi ya antimoni kwa wagonjwa wa lishmania. Mapema katika miaka ya 1920, Upendranath Brahmachari wa Kolkata, India, alitengeneza mchanganyiko wa antimoni uliookoa wagonjwa wengi wa kalaazari. Dawa za antimoni zilizofuata zingali zinatumika hadi sasa, zikiwemo katika Afrika Mashariki.

Kwa Waswahili, antimoni haikuwa mgeni kabisa. Wanja wa manga, uliopakwa machoni kwa karne nyingi katika mwambao, kiasili ulikuwa unga wa madini ya antimoni, ingawa wanja mwingi unaouzwa siku hizi huwa na risasi. Mfano huu hautolewi ili mtu apake wanja kidondani. Kufanya hivyo ni hatari. Umetolewa kuonyesha kwamba metali na mwili wa binadamu vimekuwa na uhusiano wa kale ambao lugha imeuhifadhi.

Hata hivyo, antimoni ina gharama kubwa kwa mwili. Tiba kamili huhitaji sindano za kila siku kwa takriban wiki tatu au zaidi, nazo huuma. Dawa yenyewe huweza kudhuru moyo, ini na kongosho. Isitoshe, vimelea hujifunza kuikwepa. Katika jimbo la Bihar, India, antimoni ilipoteza nguvu dhidi ya kalaazari kiasi cha kulazimu dawa nyingine zitumike. Hali hii ndiyo iliyowafanya watafiti watafute njia mpya, na miongoni mwa njia hizo ni kuitumia metali ikiwa katika umbo dogo mno.

4.0 Nanochembe ni Nini?

Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000 hadi 100,000. Kimelea cha lishmania kinapokuwa ndani ya mwili wa binadamu kina urefu wa nanomita 2,000 hadi 4,000 hivi. Nanochembe ni chembe ambayo ukubwa wake ni kati ya nanomita 1 na 100. Kwa hivyo, ikilinganishwa na kimelea, nanochembe ni kama punje ya mtama kando ya boga.

Udogo huu una maana gani? Chukua mchemraba wa metali wenye upande wa sentimita 1. Una nyuso sita, na jumla ya eneo la nyuso hizo ni sentimita mraba 6. Mchemraba huo ukikatwakatwa hadi kila kipande kiwe na upande wa nanomita 1, kiasi cha metali hakibadiliki, lakini jumla ya eneo la nyuso inafikia mita mraba 6,000. Eneo hilo linakaribia uwanja wa soka. Kwa kuwa mmenyuko wa kikemia hutokea kwenye uso wa kitu, metali kidogo iliyosagwa hivi hutenda kazi kubwa.

Aidha, udogo hubadilisha tabia za metali. Dhahabu inayojulikana kwa rangi yake ya manjano huonekana nyekundu ikiwa nanochembe zilizotawanyika majini. Michael Faraday alilichunguza jambo hili na kulieleza mwaka 1857, zaidi ya karne moja kabla ya neno "nanoteknolojia" kubuniwa na Norio Taniguchi wa Japani mwaka 1974.

Nanochembe zinaweza kutengenezwa kwa kemikali za viwandani, au kwa mimea. Majani ya mwarobaini, mti unaofahamika vyema katika Afrika Mashariki, yamewahi kutumiwa hivyo. Maji yaliyochemshiwa majani hayo yakichanganywa na myeyuko wa nitrati ya fedha, kemikali za majani hugeuza ayoni za fedha kuwa nanochembe, na myeyuko hubadilika rangi kuwa wa kahawia. Kazi hii huhitaji vipimo vya maabara. Haimaanishi kwamba chai ya mwarobaini ni nanochembe.

5.0 Uteuzi wa Istilahi

Istilahi tatu zilihitaji kuamuliwa katika makala haya.

Ya kwanza ni "nanochembe" yenyewe. Kisarufi, nomino kuu katika Kiswahili hutangulia kivumishi chake, na kwa mantiki hiyo "chembe nano" ingefaa zaidi. Tatizo hujitokeza katika usikizi. Anayesikiliza redio akisikia "dawa ya chembe nano" anaweza kudhani ametajiwa chembe nane, au hata chembe tano, kwa kuwa nafasi hiyo baada ya nomino ndiyo hukaliwa na idadi. Katika maelezo ya dawa, kosa la idadi si kosa dogo. Umbo "nanochembe" huondoa utata huo, na pia hufuata mkondo wa "nanomita" na "nanoteknolojia" ambazo zimekwisha kuzoeleka. Neno hubaki katika ngeli ya I-ZI: nanochembe hii, nanochembe hizi.

Ya pili ni "metali". Katika mazungumzo ya kila siku Wakenya wengi husema "chuma" kwa maana ya metali yoyote, na wengine husema "madini". Chuma ni metali moja tu, ilhali madini ni kitu kichimbwacho ardhini, kiwe metali au la. Kwa sababu hiyo "metali" imeteuliwa.

Ya tatu ni "fedha". Neno hili lina maana mbili: metali nyeupe ya thamani, na pesa. Maana ya pili imeimeza ya kwanza kiasi kwamba kirai "tiba ya fedha" huweza kueleweka kuwa tiba ya kulipia. Pendekezo ni kuandika "metali ya fedha" inapotajwa mara ya kwanza, kisha "fedha" pekee pale muktadha unapokuwa umeshikika.

6.0 Jinsi Nanochembe Zinavyoshambulia Kimelea

Kimelea cha lishmania kina ujanja wa pekee. Kikiingia mwilini humezwa na makrofaji, yaani seli mlaji, ambazo kazi yake ni kumeza na kusaga wavamizi. Badala ya kusagwa, kimelea hupoteza mkia wake, hujibanza ndani ya seli hiyo na kuzaana humo. Askari aliyetumwa kumkamata mwizi amekuwa nyumba ya mwizi. Dawa yoyote inayotarajiwa kufanikiwa sharti ifike ndani ya nyumba hiyo.

Hapa ndipo nanochembe zinapovutia. Makrofaji humeza chembe ngeni kwa desturi yake. Kwa hiyo tabia ileile iliyompa kimelea mlango huweza kuipa dawa mlango. Zikishaingia, nanochembe za metali huweza kutenda kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ayoni. Nanochembe za fedha huachia ayoni za fedha polepole, na ayoni hizi hupenda mno kushikamana na salfa. Yeyote aliyewahi kuona kidani cha fedha kikigeuka cheusi amekwisha kuuona upendo huo, kwani weusi ule ni fedha iliyoungana na salfa. Kimelea cha lishmania hujilinda kwa kutumia molekuli yenye salfa iitwayo tripanothioni, ambayo binadamu hana. Yeye hutumia glutathioni. Ayoni za fedha zikiishika salfa ya tripanothioni na ya vimeng'enya vyake, kinga ya kimelea huvurugika. Inaaminika kwamba antimoni nayo hushambulia mfumo huohuo.

Njia ya pili ni oksijeni tendaji, yaani aina za oksijeni zenye ukali wa kuunguza utando wa seli, protini na chembeuzi. Oksidi ya zinki na nanochembe za fedha huchochea kuzalishwa kwake, na kimelea ambacho tayari kinga yake imevurugwa hushindwa kustahimili. Mwaka 2011, watafiti wa Uturuki walionyesha kwamba nanochembe za fedha huzuia ukuaji wa vimelea vya lishmania katika maabara, na kwamba athari hiyo huongezeka zinapomulikwa kwa miali ya urujuanimno.

Njia ya tatu ni joto. Vimelea vya lishmania ya ngozi havivumilii joto kali, na tayari kuna tiba ambapo kidonda hupashwa joto la nyuzi 50 za Selsiasi kwa sekunde 30 kwa kifaa maalumu. Nanochembe za dhahabu hufyonza mwanga na kuugeuza kuwa joto, na kwa hivyo zinachunguzwa kama njia ya kulipeleka joto mahali panapohitajika pekee.

7.0 Kuua, Kutibu na Kuponya

Baada ya maelezo hayo, msomaji angeweza kuhitimisha kwamba dawa imepatikana. La hasha. Hadi sasa nanochembe za metali hazijawa dawa iliyoidhinishwa ya lishmania ya ngozi. Sababu zake zinaeleweka vyema kwa kutofautisha vitenzi vitatu.

"Kuua" ni kazi ya hatua ya kwanza. Vimelea huwekwa katika vyombo vya kioo na kuongezewa nanochembe, kisha waliokufa huhesabiwa. Hata hivyo, majaribio mengi ya namna hii hutumia kimelea cha umbo lenye mkia, lile liishilo ndani ya usubi, kwa sababu ni rahisi kukuzwa. Umbo linalomtesa mgonjwa ni lile lililojificha ndani ya makrofaji. Anayemuua nyoka akiwa barazani bado hajamtoa aliye shimoni.

"Kutibu" ni kazi ya hatua ya pili, ambayo kwa kawaida hufanywa kwa panya wa maabara. Hapa vikwazo huongezeka. Tabaka la juu la ngozi limeumbwa kuzuia vitu vigeni, na pale ambapo kidonda hakijapasuka, dawa ya kupaka hupenya kwa shida. Zaidi ya hayo, upendo wa fedha kwa salfa haubagui. Protini za binadamu nazo zina salfa, na kipimo kinachoua kimelea huweza kuidhuru seli iliyokihifadhi. Mtu anayeingiza fedha nyingi mwilini kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu na samawati, na rangi hiyo haitoki. Dawa inayokusudiwa kumwondolea mtu alama haipaswi kumpa nyingine.

"Kuponya" ni kazi ya hatua ya tatu, na ni lazima ithibitishwe kwa binadamu. Ugumu wake unatokana na jambo lililotajwa awali: kidonda cha lishmania mara nyingi hupona chenyewe. Mtu akipakwa dawa yoyote, hata majivu, kisha kidonda kikapona baada ya miezi minane, dawa hiyo itasifiwa. Njia pekee ya kujua ukweli ni kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa wanaofanana, moja likipewa dawa inayochunguzwa na jingine likipewa tiba iliyokwisha kujulikana au ya kulinganishia. Pasipo ulinganisho huo, sifa yoyote ni uvumi.

Haya hayamaanishi kwamba vitu vya ukubwa wa nano havina nafasi katika tiba. Amfoterisini B iliyofungwa ndani ya viputo vidogo mno vya mafuta hutumika kutibu kalaazari, na viputo hivyo hufaulu kwa sababu ileile iliyotajwa: makrofaji huvimeza. Tofauti ni kwamba viputo vile vilipita hatua zote tatu.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, somo ni bayana. Linganisha sentensi hizi mbili: "Nanochembe za fedha zaponya lishmania" na "Nanochembe za fedha zaua vimelea vya lishmania katika maabara". Ya kwanza ni fupi na inavutia, lakini si kweli. Ya pili ni ndefu kidogo, na ni kweli. Mgonjwa wa Gilgil atakayeisoma ya kwanza anaweza kuuza mbuzi wake ili anunue malhamu inayotangazwa kuwa na fedha, huku akiiacha hospitali ambayo ingemchunguza kidonda kwa hadubini na kumpa tiba iliyothibitishwa. Vivyo hivyo, viambishi vina uzito. "Nanochembe hutibu" ni tamko la mazoea, "nanochembe zinaweza kutibu" ni tamko la uwezekano, na "huenda zikatibu" ni tamko la matumaini. Kiswahili kina ngazi hizi zote. Kinachohitajika ni mwandishi kujua mada yake imesimama katika ngazi ipi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nanochembe za metali zina misingi thabiti ya kisayansi: eneo kubwa la uso, uwezo wa kuingia ndani ya makrofaji, na njia kadhaa za kumshambulia kimelea kwa wakati mmoja. Yameonyesha pia kwamba kati ya kimelea kufa kiooni na kovu kutotokea shavuni kuna safari ambayo haijakamilika. Kiistilahi, yamependekeza "nanochembe", "metali" na "metali ya fedha", na kutoa sababu za kila pendekezo ili wengine wayapinge au wayaboreshe.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo kwa kawaida huelekezwa kwa mgonjwa, lakini inawahusu pia wenye maarifa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Anayeishi karibu na mapango ya Elgon ana haki ya kuelezwa katika lugha hiyo jinsi kidonda chake kilivyotokea, kile ambacho sayansi inakitafuta na kile ambacho bado haijakipata. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuanza na hatua ndogo. Kila wanapotafsiri au kuhariri habari ya tiba mpya, wajiulize: je, utafiti huu umeua, umetibu au umeponya? Kisha waandike kitenzi kinachostahili.